Bless mbili kwa askari mmoja: matabano yanapopandana mezani

Dada mmoja anayesimamia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ameniandikia hivi:

"Kaka, habari za kazi. Nasimamia mchezo kwa wachezaji watano, kanuni za toleo la 5. Jumamosi iliyopita makuhani wetu wawili walimwekea askari mmoja Bless, ule uchawi wa baraka, kila mtu ya kwake. Askari akarusha dadu ya pande 20, ikaja 11. Akajumlisha 5 yake ya kawaida, kisha akarusha dadu mbili za pande 4, zikaja 2 na 1. Jumla 19, na namba ya kinga ya jitu ilikuwa 19 kamili. Nikakubali, wengine wakagoma. Raundi mbili baadaye askari huyohuyo akawa na Haste ya mwenzake, ya kumharakisha, na Slow ya adui, ya kumpunguza kasi, kwa wakati mmoja. Mwishoni Darkness na Daylight, giza na mwanga wa kichawi, zikakutana ukumbini, nikashindwa kabisa. Kuna kanuni moja ya kufuata, au kila tabano lina sheria zake?"

Dada yangu, nianze na lile pigo kwa sababu ndilo lililowagombanisha. Pigo lile halikupata. 11 na 5 ni 16, na askari wako alistahili dadu moja tu ya pande 4. Hata ukimpa ile iliyotoa 2 anafika 18, na jitu lina kinga ya 19, namba ambayo jumla ya shambulio lazima iifikie. Lakini usilirudishe nyuma. Jambo likishaamuliwa mezani na mchezo ukaendelea raundi mbili, kulifufua ni kuwaharibia watu jioni yao. Waambie wote kwamba kuanzia kikao kijacho Bless ni dadu moja, hata kama makuhani watakuwa kumi.

Kabla sijaeleza sababu, tuelewane kwenye maneno. Nikisema tabano nina maana ya kila uchawi ulioandikwa kitabuni kwa jina lake, na majina nayaacha kama yalivyochapwa ili uyapate unapofungua kitabu. Nafuata kanuni za mwaka 2014, kwa kuwa ndizo mnazochezea na ni rahisi kupatikana. Sehemu yake kubwa imo kwenye hati iitwayo SRD 5.1, ambayo wenye mchezo waliiweka chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Yeyote anaweza kuipakua bure na kuichapa. Pale ambapo kitabu kipya cha 2024 kimebadilisha jambo, nitakuambia.

Sasa, swali lako: kanuni moja ipo, nayo inauliza jina. Matabano yenye majina tofauti yanajumlishwa maadamu muda wake unakwenda pamoja. Matabano yenye jina moja hayajumlishwi. Lenye nguvu zaidi ndilo linalofanya kazi, na yakilingana nguvu, lililotolewa mwisho ndilo linaloshika. Mfano unaotolewa na kitabu chenyewe ni huohuo wa makuhani wawili na Bless, kwa hiyo ujue meza yako si ya kwanza kujikwaa hapo.

Askari akiwa na Bless na Shield of Faith, anapata dadu ya pande 4 kwenye mashambulio na kwenye majaribio ya kujinusuru, yaani dadu anayorusha ili kuepuka jambo baya, na pia anapata +2 kwenye namba ya kinga. Majina mawili, faida mbili. Akiwa na Bless mbili anapata faida moja. Kwamba kuhani wa pili ni wa mungu mwingine, au amelipia nafasi ya uchawi ya daraja la juu, yaani ametoa tabano kwa nguvu kuliko kawaida yake, hakubadilishi kitu. Bless iliyotolewa kwa daraja la juu huongeza idadi ya watu wanaobarikiwa, dadu inabaki ileile.

Lakini hapa kuna kitu ambacho wasimamizi wengi wanakipita, na ningependa ukishike. Bless isiyofanya kazi haijafa. Kanuni inasema faida hazijumlishwi wakati muda wake umepandana, haisemi kwamba tabano moja linafutwa. Zote mbili ziko juu ya askari, moja inafanya kazi na nyingine imelala chini yake. Bless inataka mwenye tabano ashikilie umakini, hadi dakika moja, yaani raundi 10. Kuhani akipigwa, lazima afanye jaribio la kujinusuru la mwili, kwa ugumu wa 10 au nusu ya madhara aliyopata, namba yoyote iliyo kubwa kati ya hizo. Tuseme kuhani wa pili amepigwa rungu la madhara 26. Ugumu unakuwa 13, amerusha akapata 9, umakini umekatika. Kwenye meza nyingi msimamizi atasema Bless imekwisha. Haijakwisha. Ile ya kuhani wa kwanza inaamka palepale, na askari hapotezi hata pigo moja.

Kwa hiyo ukiwanyima wachezaji wako dadu ya pili, usiwaambie wamepoteza nafasi ya uchawi bure. Wamenunua akiba. Katika pambano ambalo adui anawalenga makuhani, akiba hiyo ni mali.

Wachezaji wa zamani watakubishia, na wana sababu yao. Mchezo huu ulitoka mwaka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kila kizazi cha kanuni kimekuwa na namna yake ya kuzuia faida zisirundikane. Aliyejifunza kwenye toleo la 3 la mwaka 2000, au marekebisho yake ya 2003, alizoea kwamba kila nyongeza ina aina yake: ya silaha za mwili, ya kukengeusha pigo, ya bahati, ya ari, na nyingine nyingi. Nyongeza mbili za aina moja hazikujumlishwa hata zikitoka kwenye matabano mawili yenye majina tofauti, isipokuwa aina chache kama ile ya kukwepa. Pathfinder, mchezo mwingine uliotokana na kanuni hizo, ilirithi utaratibu huo, na toleo lake la pili la mwaka 2019 limeupunguza hadi aina tatu. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons liliziondoa aina zote, kazi ya kuzuia mrundikano likaikabidhi kwa umakini: mtu mmoja hawezi kushikilia matabano mawili ya umakini kwa pamoja. Bless, Haste, Slow, Shield of Faith, Darkness na Hex zote zinataka umakini. Kwa hiyo mchezaji akikuambia "hizi zote ni nyongeza za aina moja," anasoma sheria sahihi kwenye kitabu kisicho chenu.

Jina likishapita, angalia kitenzi. Hii ni njia yangu, hutaikuta imeandikwa kama kanuni, lakini imeniamulia ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Soma sentensi ya tabano ujiulize: linaongeza, linaweka, au linazuia kushuka? Wanaoliamini neno "kujumlisha" wanadhani matabano yote huongeza, na sivyo.

Chukua namba ya kinga, maana ndiko wanakogombana kila siku. Mage Armor haiongezi kitu. Inaweka: kuanzia sasa kinga yako ya msingi ni 13 na wepesi wako. Mtawa naye ana kipaji kinachoweka: 10, wepesi na busara. Mtawa akiwekewa Mage Armor hapati vyote viwili, anachagua hesabu moja, kwa sababu namba ya msingi haiwezi kuwekwa mara mbili. Shield of Faith inaongeza 2. Haste inaongeza 2. Shield, lile tabano la kujikinga ghafla, linaongeza 5 hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata. Hizi tatu zinakaa juu ya msingi wowote.

Tumweke mchawi mwenye wepesi wa +3. Asubuhi amejiwekea Mage Armor, yuko 16. Kuhani amempa Shield of Faith, 18. Mwenzake mwingine amempa Haste, 20. Adui anarusha mshale, jumla ya shambulio ni 23, mchawi anatoa Shield papo hapo na kufika 25. Mshale umekosa. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo: majina manne, kitenzi kimoja cha kuweka na vitatu vya kuongeza. Msimamizi mwenye huruma na majitu yake atataka kukataa, na nakusihi usikatae. Watu watatu wametumia nafasi zao za uchawi na wawili wameufunga umakini wao kwa mtu mmoja. Wamelipa. Jitu lenye akili limwache mchawi huyo, limfuate kuhani aliyeshikilia ile Shield of Faith.

Kisha kuna Barkskin, ambayo kitenzi chake ni cha tatu. Kwa kanuni za 2014 inasema kinga yako haiwezi kuwa chini ya 16. Hiyo ni sakafu. Druidi mwenye vazi la ngozi na wepesi wa +1 yuko 12, akishika ngao anafika 14. Barkskin inamwinua hadi 16. Mchezaji atasema, "Basi 16 na ngao yangu, 18." La. Ngao imeshahesabiwa kwenye ile 14, na sakafu inaangalia jumla. Mtu aliye tayari kwenye 17 hafaidi chochote. Kitabu cha 2024 kimepandisha namba hadi 17 na kuliondolea tabano hilo sharti la umakini, lakini kitenzi kimebaki kilekile: ukiwa chini unainuliwa, ukiwa juu unaachwa.

Aid na Heroes' Feast zinapita mtihani huu bila shida. Zote zinaongeza kilele cha pointi za uhai, majina ni mawili, jumlisha. Aid mbili, ya kwanza imetolewa kwa daraja la 2 ikiwa na pointi 5 na ya pili kwa daraja la 3 ikiwa na 10: chukua 10. Pointi za uhai za muda ni habari nyingine kabisa. Hazijumlishwi kamwe, hata zikitoka kwenye majina mia. Ukiwa na 8 za False Life ukapewa 5 nyingine, unachagua kubaki na 8 au kuchukua 5. Jambo hili lina kifungu chake chenyewe kitabuni, na ukilichanganya na Aid utapata matatizo kila kikao.

Tuje kwa askari wako aliyevutwa huku na Haste na kule na Slow, swali nililolipenda kuliko yote.

Usizifute. Hili ndilo kosa la kwanza, na linatoka tena kwenye kanuni za toleo la 3, ambako Haste ilikuwa inaiondoa Slow na Slow inaiondoa Haste. Toleo la 5 halisemi hivyo popote. Majina mawili, yote yako kazini, kwa hiyo unapita sentensi baada ya sentensi. Mwendo: Haste inazidisha mara mbili, Slow inagawa nusu, futi 30 zinakwenda 60 na kurudi 30. (Kama mwendo wake ni futi 35, zidisha kwanza ndipo ugawe. Ukianza kugawa unapata 17, kisha 34, na mchezaji atakudai ile futi moja.) Kinga: +2 na −2, imebaki ilipokuwa. Majaribio ya wepesi: hapa hazifutani, kwa sababu Haste inampa faida, yaani kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, wakati Slow inamkata 2 kwenye jumla. Arushe mbili, achukue kubwa, aondoe 2. Kujibu mapigo nje ya zamu yake: Slow imekataza, Haste haina la kusema, basi hawezi.

Sasa vitendo. Haste inampa kitendo kimoja cha ziada, cha kushambulia mara moja tu, kukimbia, kujitoa kwenye mapambano, kujificha au kutumia kifaa. Slow inasema katika zamu yake atumie kitendo au kitendo kidogo cha nyongeza, asitumie vyote viwili, na vyovyote alivyo na uwezo au vifaa vya uchawi hawezi kushambulia kwa silaha zaidi ya mara moja. Sehemu ya mwisho haina mjadala: pigo moja kwa zamu, hata kama kwa kawaida anapiga mara mbili. Kuhusu kile kitendo cha ziada, mimi naruhusu akitumie, mradi kisiwe shambulio la pili. Slow inamchagulisha kati ya kitendo na kitendo kidogo, haikutaja kitendo kilichotoka kwenye tabano jingine. Najua wasimamizi wanaokaza zaidi ya hapo na siwalaumu, lakini mwenzake aliyepoteza nafasi ya daraja la 3 kwa Haste anastahili askari wake angalau apige kisha akimbie.

Na uwe macho na msaada unaoua. Mtu ataona askari amelegezwa na Slow, atoe Dispel Magic juu yake kwa nia njema. Ukilielekeza tabano hilo kwa mtu, kila tabano la daraja la 3 au chini lililo juu ya mtu huyo linakwisha. Slow imeondoka, sawa. Haste nayo imeondoka, na Haste ikiisha, aliyekuwa nayo analegea: hasogei wala hatendi hadi zamu yake inayofuata ipite. Bless imeondoka pia, na hata ile iliyolala chini. Umemwokoa mtu na mwendo wa kinyonga ukamfanya gogo. Lakini Dispel Magic inakuruhusu kuchagua athari moja ya kichawi badala ya kumchagua mtu. Mfundishe mchezaji wako aseme, "Nailenga Slow." Maneno mawili hayo yanaacha vyote vingine salama.

Nimetaja faida, basi niseme na hasara, yaani kurusha dadu mbili na kuchukua ndogo, kwa ufupi, kwa sababu ni rahisi. Hazihesabiwi. Sababu tatu za faida na sababu moja ya hasara zinafutana zote, unarusha dadu moja kavu. Ndiyo maana watu wawili waliomo ndani ya Fog Cloud, ukungu wa kichawi, wasioonana wanapigana kama kawaida: mpigaji ana hasara kwa kuwa haoni anayempiga, na ana faida kwa kuwa hapo alipo haonekani. Wachezaji wapya huona jambo hilo la ajabu, na ni la ajabu kweli, lakini ndivyo kanuni zinavyotoka. Mkitaka kubadilisha, badilisheni kwa wote kabla ya pambano.

Darkness na Daylight hazikuhitaji kanuni ya jumla hata kidogo. Matabano haya mawili yamejisemea yenyewe, na tabano likijisemea, kanuni ya jumla inakaa pembeni. Darkness ni ya daraja la 2, giza la futi 15 kila upande, na sehemu yake yoyote ikigusa mwanga uliotengenezwa na tabano la daraja la 2 au chini, tabano la mwanga linafutwa. Daylight ni ya daraja la 3, inaangaza kwa nguvu futi 60 na kwa uhafifu futi 60 nyingine, na ikigusa giza lililotengenezwa na tabano la daraja la 3 au chini, giza linafutwa. Kwa hiyo ukumbini kwako Daylight ilishinda, na haijalishi ipi ilitangulia. Giza lililotolewa juu ya Daylight linakufa likigusa tu.

Usiseme mwanga "ulipenya" giza. Uliliua. Tofauti yake inaonekana zamu inayofuata, Daylight ikibebwa kuondoka ukumbini: kama ulipenya, giza lingerudi. Halirudi. Aliyelitoa amepoteza nafasi yake, na amebaki na umakini huru wa kuutumia kwa jambo jingine.

Sasa adui mjanja atatoa Darkness kwa nafasi ya daraja la 4. Uwezo wake wa kufuta mianga haukui, maana tabano linasema daraja la 2 na si zaidi. Lakini lenyewe sasa ni la daraja la 4, na Daylight ya kawaida haiwezi kulifuta. Hakuna anayemfuta mwenzake. Nani anaonekana? Rudi kwenye maneno: giza hilo linakataa kuangazwa na mwanga usio wa kichawi. Daylight ni ya kichawi. Mimi naamua mwanga unaangaza pale ulipofika, na giza linabaki limelala likisubiri uondoke. Hapo ndipo lile neno "kupenya" linapokuwa sahihi.

Maeneo yenye madhara yanafuata jina, na hapa niliwahi kukosea vibaya. Nilipoanza kusimamia, makuhani wawili walisimama bega kwa bega, kila mmoja na Spirit Guardians yake, roho zinazozunguka futi 15 na kutoa madhara ya dadu 3 za pande 8. Niliruhusu zote mbili zimuume kila anayeanza zamu yake pale. Wastani wa dadu hizo ni 13 na nusu, nikawafanya 27, na pambano nililoliandaa kwa wiki nzima likaisha kabla watu hawajamaliza chai. Wachezaji wengine watatu hawakupata hata nafasi ya kujaribu. Jina ni moja, ilipaswa roho zimuume mara moja kwa zamu. Mmoja angetoa yake kwa daraja la 4, dadu 4, hiyo ndiyo ingefanya kazi pale zilipopandana, na ya mwenzake ingefanya kazi pale ilipofika peke yake. Fireball mbili ni tofauti: kila moja inalipuka na kwisha papo hapo, hakuna muda wa kupandana, basi kila moja inaunguza kivyake.

Kanuni ya jina imevuka matabano, marekebisho ya kitabu cha msimamizi yaliisambaza kwa vipaji vingine. Mapaladini wawili, yaani askari watakatifu, wenye Aura of Protection, mmoja +3 na mwingine +5, wanakupa +5 kwenye majaribio ya kujinusuru. Ila vazi la Cloak of Protection na pete ya Ring of Protection ni majina mawili, chukua zote.

Hex ya wachawi wawili juu ya adui mmoja ndiyo inayoniuma kichwa hadi leo. Ukisoma jina tu, moja inalala. Lakini madhara yake ya ziada yanampata adui kwa pigo la mwenye Hex pekee, yaani kila mmoja ana yake, na nikimwambia mchawi wa kwanza kwamba Hex yake imelala kwa sababu mwenzake ametoa ya kwake baadaye, nitakuwa nimemnyang'anya kitu ambacho hakikuongezwa popote. Naruhusu kila mtu apate dadu yake kwenye pigo lake. Kitabu hakijaniambia hivyo, ni uamuzi wangu.

Ustahimilivu dhidi ya moto hauzidishwi kwa kuwa nao mara mbili, madhara yanakatwa nusu mara moja basi. Ila kufaulu jaribio la kujinusuru si ustahimilivu, ni kitu kingine, kwa hiyo Fireball ya madhara 27 inakuwa 13 kwa aliyefaulu na 6 kama pia ana ustahimilivu. Aliyenaswa na Web na Entangle kwa pamoja hajanaswa zaidi, lakini akijinasua kwenye moja bado anashikiliwa na nyingine. Web inaungua ikiguswa na moto na kumchoma aliyemo. Grease haina maneno hayo, na watu wakaendelea kuiwasha miaka kumi nzima hadi kitabu cha 2024 kikaandika wazi kwamba mafuta hayo hayashiki moto.

Na mambo mawili yakitokea sekunde ileile mwishoni mwa zamu, kwa mfano askari anataka kwanza kujaribu kuitoka Slow kabla hajaungua na moto aliosimama ndani yake? Xanathar's Guide to Everything, kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, kimelijibu: mwenye zamu anachagua mpangilio. Zamu ni ya mchezaji, mchezaji anachagua. Ni ya jitu, unachagua wewe.

Jumamosi ijayo fanya hivi. Kata karatasi za ukubwa wa karata. Tabano likitolewa, aliyelitoa aandike juu jina, katikati kitenzi na namba yake, chini jina la anayelishikilia na raundi litakayokwisha, kisha karatasi iwekwe mbele ya aliyewekewa. Karatasi mbili zenye jina moja zipandanishwe, iliyo juu ndiyo inayofanya kazi. Kuhani wa pili akipoteza umakini, ondoa ya juu. Askari wako ataiona Bless ya kwanza ikimtazama, na atajua bado ana dadu yake ya pande 4.